Mwongoza ndege wa kompyuta haijui Nandi

Leo naweka kando mambo ya hifadhidata na programu za simu, niongelee kitu kinachonikera kwenye simuleta za urubani, yaani zile programu za kompyuta zinazokuwezesha kurusha ndege ukiwa umeketi kwenye kiti cha plastiki nyumbani kwako. Kinachonikera si picha, kwa sababu picha za siku hizi ni nzuri mno. Ni yule mwongoza ndege wa bandia anayekuambia kwenye redio ushuke hadi kimo gani, ugeukie wapi na utue kutokea upande gani.

Msimamo wangu nausema mapema ili usome ukijua ninakoelekea. Kwenye simuleta, hesabu ya kushuka ni kazi yako wewe uliyeshika usukani. Agizo la mwongoza ndege wa bandia lichukulie kama pendekezo linalohitaji kukaguliwa, na ukiona halifai, likatae. Na sisi tunaoandika programu tuache kumwongezea huyu bwana sauti tamu kabla hatujampa ramani ya milima. Anayeishi Kisumu ana sababu nyingi za kusema hivi kuliko anayeishi kwenye uwanda.

Kwanza tujue Kisumu ilivyokaa

Ukisimama juu ya Riat unauona uwanja wetu wa ndege chini kabisa, kando ya maji, na ghuba imetandaza nyuma yake. Marubani wanaujua kwa herufi HKKI. Kimo chake ni futi 3,734 juu ya usawa wa bahari. Linganisha na uwanja wa Moi kule Mombasa, ulio kwenye futi 200 hivi. Yaani magurudumu yakiwa chini Kisumu, wewe bado uko juu ya Mombasa kwa zaidi ya futi 3,500.

Njia ya kurukia ndege inaitwa 06/24. Namba hizo ni mwelekeo wa dira ukiondoa sifuri ya mwisho: nyuzi 60 hivi kuelekea kaskazini-mashariki, na nyuzi 240 hivi kuelekea kusini-magharibi. Ukitua kwa 06 unatokea ziwani, juu ya Ghuba ya Winam. Ukitua kwa 24 unatokea nchi kavu, na nchi kavu hiyo ndiyo yenye vilima vya Kajulu na nyuma yake ukingo wa Nandi. Mji wa Nandi Hills uko kwenye kimo cha takriban mita 2,000, ambazo ni futi 6,500 na ushei. Toka uwanjani hadi huko juu ardhi inapanda karibu futi 3,000, na kwa ndege ni mwendo wa dakika kumi tu.

Usidhani upande wa ziwa ni mteremko mtupu wa raha. Kusini mwa ghuba kuna Mlima Homa, wenye zaidi ya mita 1,700, yaani zaidi ya futi 5,500. Ukielekezwa uzunguke kusini huku umeshushwa hadi futi 5,000, mlima huo uko juu yako.

Sasa ongeza hali ya hewa. Kila mkazi wa hapa anajua kwamba asubuhi upepo hutoka nchi kavu kwenda ziwani, halafu jua likishapanda unageuka na kutoka ziwani kuja mjini. Ndege hutua ikikabili upepo. Kwa hiyo simuleta inayochota hali halisi ya hewa mtandaoni, ikifika saa tisa alasiri upepo ukitoka ziwani, itakuambia utue kwa 24. Maana yake utatokea upande wa Nandi. Na saa tisa alasiri ndiyo saa ambayo mawingu ya mvua hujikusanya juu ya Nandi na Kericho, mahali panapojulikana kwa mvua ya mawe. Mlima upo, wingu limeufunika, na sauti ya kwenye redio inakuambia shuka.

Hesabu yenyewe si ngumu

Kuna kanuni ya zamani ambayo marubani hufundishwa mapema: kila futi 1,000 unazotaka kupoteza, hesabu maili 3 za bahari. Inakupa mteremko wa takriban nyuzi 3, ule unaotumiwa kwenye viwanja vingi duniani. Kama mtu wa programu ningeiandika hivi:

futi_za_kupoteza = kimo_chako - kimo_cha_uwanja
maili = (futi_za_kupoteza / 1000) * 3
maili = maili + 10

Zile 10 za mwisho ni za kupunguza mwendo, maana ndege haishuki na kupunguza mwendo kwa urahisi kwa wakati mmoja.

Chukua safari ya Nairobi hadi Kisumu. Kwa mstari ulionyooka ni takriban maili 150 za bahari. Tuseme uko kwenye ndege ya mapangaboi, kimo futi 20,000. Toa 3,734, unabaki na futi 16,266 za kupoteza. Gawa kwa 1,000, zidisha kwa 3, ni maili 49. Ongeza 10, ni 59. Kwa hiyo ukiwa umebakiza maili 60 unatakiwa uanze kushuka, na wakati huo chini yako bado ni msitu wa Mau. Kama utatua kwa 24, unahitaji kuzunguka ili uingie kutokea kaskazini-mashariki, na njia hiyo inakuongezea maili kadhaa. Kama ni 06 unapita uwanja na kugeukia juu ya maji, napo maili zinaongezeka.

Angalia kosa ambalo mtu anaweza kufanya akisahau kimo cha uwanja. Akihesabu futi 20,000 kamili kana kwamba anatua ufukweni Mombasa, anapata maili 60 kabla ya kuongeza zile 10. Ataanza kushuka mapema kwa maili 11, na maili 11 mapema kwa upande wetu ni kuishusha ndege kuelekea nyanda za juu zilizoinuka chini yake. Programu iliyoandikwa na mtu aliyejaribu viwanja vya usawa wa bahari tu inaweza kubeba kosa la aina hiyo miaka mingi bila mtu kuligundua.

Kuna jingine dogo. Joto na kimo hufanya hewa iwe nyepesi. Kisumu mchana, nyuzi joto 29 hivi, kipimo cha mwendo kikisoma maili 130 za bahari kwa saa, mwendo wa kweli angani ni kama 142. Ili ukae kwenye mteremko wa nyuzi 3 unahitaji kushuka kwa futi 750 hivi kwa dakika, wakati ufukweni mwa bahari, kwenye hewa ya baridi, ungetosheka na 690. Si tofauti ya kutisha, lakini ni tofauti ambayo mwongoza ndege wa bandia hatakutajia.

Huyu bwana anafikiri vipi?

Microsoft walipoweka mwongoza ndege wa kuwasiliana naye ndani ya Flight Simulator 2002 ilikuwa hatua kubwa. Kabla ya hapo ulikuwa unaruka peke yako kama kunguru. Kompyuta nyingi za nyumbani wakati ule zilikuwa na kumbukumbu isiyofika gigabaiti moja, na kazi ya kuchora dunia peke yake ilikuwa inaimaliza. Hakuna wa kulaumu.

Programu za aina hii kwa kawaida ni ngazi. Uko chini, umepewa ruhusa, umepaa, uko safarini, unakaribia, umekabidhiwa kwa mnara, umetua. Kila ngazi ina sharti lake na kila sharti likitimia unatamkiwa sentensi yake. Sentensi ya "shuka hadi futi kadhaa" hutoka kwa sababu umbali umefika namba fulani, na kimo unachopewa hutokana na hesabu fupi inayoanzia kimo cha uwanja. Kama katika hesabu hiyo hakuna mahali panapouliza "kati yake na uwanja kuna nini?", jibu la Kisumu litafanana na jibu la Amsterdam.

Simuleta ninayotumia siitaji jina, kwa kuwa shida hii si ya mtengenezaji mmoja. Nimeipeleka Kisumu mara nyingi, kwa makusudi, kutokea Nairobi, Eldoret na Entebbe, ili nione inasema nini. Mambo mawili yanajirudia. La kwanza ni kucheleweshwa juu. Unaachwa kwenye futi 20,000 mpaka umebakiza maili 30, halafu unaamriwa ushuke haraka. Piga hesabu: futi 16,266 kwa maili 30 ni futi 542 kwa kila maili. Ukienda maili 300 kwa saa, yaani 5 kwa dakika, unatakiwa kushuka futi 2,700 kila dakika, kwa mteremko wa nyuzi 5, na wakati huohuo upunguze mwendo. Abiria wa kweli wangeshika masikio.

La pili ndilo baya zaidi: kuzungushwa chini. Unageuzwa kaskazini, halafu mashariki, ili uingie kwenye mstari wa 24, na kimo ulichopewa ni futi 5,500. Maili 15 au 20 kaskazini-mashariki mwa uwanja kuna sehemu ambazo ardhi yenyewe imepita kimo hicho. Ukitii, unaona miti ya Nandi ikikujia usoni, huku sauti ikikupongeza kwa utulivu na kukuambia uendelee na mwelekeo uleule.

Na hapa ndipo mtu wa programu anaposhika kichwa. Ile miti umeichorewa na nani? Na simuleta hiyohiyo! Ukingo wa Nandi uko ndani ya programu, umechorwa bonde kwa bonde. Sehemu moja ya programu inajua mlima ulipo hadi mita, na sehemu ya pili, iliyo kwenye kumbukumbu ileile ya kompyuta ileile, inakuamuru uugonge. Hazijawahi kusalimiana.

"Lakini huo si mchezo tu?"

Swali hili naulizwa mara nyingi, hasa na wanaoniona nikiandika namba kwenye daftari ili nitue mahali ambapo sijaenda. Jibu langu lina sehemu mbili.

Kwanza, wapo vijana hapa mjini wanaotamani urubani, na saa moja ya ndege ya mafunzo ni ghali kuliko mapato ya mwezi ya familia nyingi. Simuleta ndiyo shule ya awali wanayoimudu, tena kwa kompyuta ya mkono wa pili. Wanachokirudia mara mia mbili sebuleni kitakuwa tabia. Tabia ya kumtii yeyote anayesema kwa sauti ya uhakika si tabia ya kumpeleka nayo mwanafunzi kwenye ndege ya kweli.

Pili, milima ya Kenya si ya mchezo. Tarehe 5 Juni 2018, Cessna Caravan iliyotoka Kitale kwenda Nairobi iligonga safu ya Aberdare na watu wote 10 waliokuwa ndani wakafa. Na ziwa letu hili tunalolizoea lina yake. Tarehe 6 Novemba 2022, ndege aina ya ATR 42 ya Precision Air iliangukia ziwani ikikaribia Bukoba katika hali mbaya ya hewa. Walikuwemo watu 43. Walikufa 19, na wavuvi ndio waliokuwa wa kwanza kuwafikia waliookoka. Sisemi ajali hizi zilisababishwa na kitu kimoja, wala sisemi simuleta ingezizuia. Nasema tu kwamba kushuka kuelekea uwanja ulio kati ya milima na maji ni jambo ambalo watu wazima hulichukulia kwa uzito, na anayelifundisha, hata kwa mchezo, afundishe sawasawa.

Ajali inayonihusu zaidi kwenye hoja yangu ilitokea mbali na hapa, Marekani, tarehe 1 Desemba 1974. Boeing 727 ya TWA, safari namba 514, ilikuwa inaelekea uwanja wa Dulles karibu na Washington katika hali mbaya ya hewa. Marubani walipewa ruhusa ya kukaribia uwanja. Wakaielewa ruhusa hiyo kuwa wanaweza kushuka moja kwa moja hadi futi 1,800, na mwongoza ndege kwa upande wake hakuwapa kizuizi cha kimo. Kati yao na uwanja kulikuwa na Mlima Weather. Watu wote 92 walikufa.

Wachunguzi walikuta kwamba taratibu za uongozaji ndege zilikuwa hazieleweki vizuri, kila upande ukidhani upande wa pili ndio unaochunga mlima. Baada ya hapo Marekani ilibadilisha taratibu zake, na ndege za abiria zikalazimishwa kuwa na chombo kinachopiga kelele ardhi ikikaribia.

Leo sheria za kimataifa za ICAO zimenyooka zaidi. Kwa kawaida ruhusa ya mwongoza ndege haimwondolei rubani jukumu la kuepuka ardhi. Isipokuwa pale rubani anapopewa mielekeo ya kugeuka kwa rada: hapo mwongoza ndege analazimika kumpa vimo vilivyo salama mpaka rubani arudie njia yake mwenyewe. Na hata hapo, rubani mkuu ndiye mwenye neno la mwisho juu ya ndege yake.

Msomaji, rudia kusoma sentensi ile ya rada. Mwongoza ndege wa bandia anapenda sana kutoa mielekeo, geuka kushoto, geuka kulia, shuka. Anaiga ile hali moja ambayo kwa kweli jukumu la kuchunga mlima huhamia kwa anayetoa agizo. Amechukua mamlaka ya mwongoza ndege wa kweli bila kubeba kazi yake. Mwongoza ndege wa kweli ana chati mbele yake yenye kimo cha chini kabisa kwa kila eneo, na amefundishwa na kupimwa kabla ya kukabidhiwa kipaza sauti. Hapa kwetu shule ya kazi hiyo iko Embakasi, nayo imekuwepo tangu miaka ya 1950. Wa bandia ana umbali na kimo cha uwanja, basi.

Sauti mpya

Miaka ya karibuni zimekuja programu za ziada zinazokuwezesha kuongea na mwongoza ndege kwa mdomo wako, kama BeyondATC na SayIntentions.AI. Anakusikia, anakujibu, hata lafudhi inabadilika ukivuka mipaka ya nchi. Nazifurahia kama mtu wa kazi hii, maana kuifanya kompyuta ielewe mtu anayesema haraka kwenye redio si jambo dogo.

Ila swali langu kwa kila programu ya namna hii ni moja: ukiniambia nishuke hadi kimo fulani, namba hiyo umeitoa wapi? Kama imetokana na ardhi iliyo chini yangu, karibu Kisumu. Kama imetokana na sentensi ambayo kwa kawaida husemwa mahali kama hapa, basi sauti nzuri imeongeza hatari, kwa sababu binadamu tumeumbwa kumwamini anayesema vizuri. Sauti ya roboti ya zamani ilikuwa inakukumbusha kila dakika kwamba unaongea na mashine.

Tiba si ghali

Mtu asiniambie data za Afrika hazipo. Februari 2000 chombo cha anga cha Endeavour kilizunguka dunia kwa siku 11 kikipima ardhi kwa rada, kazi iliyojulikana kama SRTM. Vipimo vyake vinafika kuanzia nyuzi 60 kaskazini hadi nyuzi 56 kusini, kwa hiyo Nandi imo, Homa imo, Mau imo. Mwaka 2014 Marekani ilianza kufungua vipimo vya kina zaidi, vya mita 30 hivi, kwa nchi za nje, na Afrika ikawa ya kwanza. Havilipiwi.

Tuhesabu ukubwa wa kazi. Chora mraba wa maili 60 kila upande kutoka Kisumu, yaani 120 kwa 120. Ukate vipande vya maili moja moja. Ni vipande 14,400. Kwa kila kipande hifadhi kimo cha sehemu iliyo juu kuliko zote, usihifadhi wastani, maana wastani huficha vilele. Kila namba inahitaji baiti 2. Jumla ni baiti 28,800. Picha moja ya sahani ya samaki uliyopiga Lwang'ni na simu yako inazidi hapo mara nyingi sana.

Halafu kabla mwongoza ndege hajatamka kimo chochote, programu ifanye hivi:

1. Ichore njia ambayo ndege itapita ikitii agizo.
2. Ichukue vipande vyote vilivyo ndani ya maili 5 kutoka njia hiyo.
3. Itafute kilicho juu kuliko vyote na kuongeza angalau futi 1,000, na zaidi penye milima.
4. Kama kimo inachotaka kutamka kiko chini ya hapo, kisitamkwe.

Mwanafunzi wa mwaka wa pili wa sayansi ya kompyuta anaweza kuiandika kwa siku moja. Chati halisi za viwanja hufuata wazo lilelile: mviringo wa maili 25 wenye kimo salama kwa kila upande.

Kwa wenye mikono inayowasha, FlightGear ni programu huria. Msimbo wake uko wazi tangu miaka ya 1990, na habari nyingi za viwanja ziko kwenye faili za kawaida za XML ambazo unaweza kuzifungua na kuzihariri. Hakuna mtu wa mbali atakayeamka asubuhi akiwa na hamu ya kurekebisha mkabala wa 24 wa Kisumu. Wa kuurekebisha ni yule anayeujua upepo wa hapa na anayeuona ukingo wa Nandi kila siku akifungua dirisha.

Njia nyingine ni kuongea na watu. IVAO iko tangu 1998 na VATSIM tangu 2001. Wote ni watu wa kujitolea wanaokaa kwenye kompyuta zao na kuongoza ndege za wenzao bure. Binadamu akikosea unaweza kumuuliza, naye anaweza kutazama chati. Shida ni kwamba wanaojitolea hawawezi kukaa kwenye kila mnara kila saa, kwa hiyo bado utahitaji kujua kujishusha mwenyewe.

Mpaka programu zitakapopona

Ushauri wangu kwa anayeruka usiku wa leo ni mfupi. Kabla ya kupaa, andika namba tatu kwenye karatasi: kimo cha uwanja, maili za kuanzia kushuka, na kimo ambacho hutapita chini yake mpaka uione njia au uwe kwenye mstari wa kutua. Kwa upande wa Nandi, ukiwa maili 10 kutoka kizingiti cha 24 unatakiwa uwe kwenye futi 7,000 hivi. Ukiambiwa uwe chini zaidi ukiwa mbali zaidi, kataa.

Kukataa si utovu wa adabu. Kwenye redio za ndege kuna neno rasmi la kazi hiyo, "unable", na marubani wa kweli wanalitumia bila kinyongo. Kama programu yako haina kitufe cha neno hilo, puuza agizo, baki kwenye kimo chako, na ikikufuta kwenye mpango wa safari iache ikufute. Ukiachwa juu kupita kiasi, omba kushuka mapema. Isipokubali, zunguka mara moja juu ya ghuba upoteze kimo huko, ambako chini yako ni maji matupu.

Na kama wewe ni mwandishi wa programu, kabla ya kutoa toleo jipya la mwongoza ndege wako, lipeleke Kisumu saa tisa alasiri, upepo ukitoka ziwani, uone linamwambia nini rubani. Likifaulu hapa, lipeleke Kitale, halafu Bukoba. Hayo ndiyo yangu ya leo. Wiki ijayo nikijaliwa nitaweka hapa ile faili ya vipande 14,400 ya Kisumu, kila anayetaka aichukue na kuitumia bila malipo.